Mchezaji wa Namba Zote

Macho hayana pazia, na Wakesho aliyaachia wazi kabisa. Jumamosi ya kwanza aliyoandamana na shangazi yake Tryphena kutazama timu ya reli ikicheza pale Voi, alimwona golikipa. Mrefu, mweusi wa kung'aa, mikono kama majembe mawili, na alikuwa na namna ya kuupokea mpira kifuani kama mtu anayempokea mgeni aliyechoka safari. Wakesho, mwalimu wa darasa la kwanza, binti wa mzee wa kanisa, alimtazama mpaka shangazi akamkanyaga mguu.

Jumamosi iliyofuata golini palisimama kibonge mmoja asiye na habari. Lakini kwenye winga ya kushoto palikuwa na kijana aliyefanana na yule wa kwanza kama shilingi kwa ya pili. Huyo ni ndugu yake, Wakesho akajiambia. Akamtazama naye pia, ila kwa haya, kama mtu anayeonja chungu cha jirani. Jumamosi ya baadaye akatokea wa tatu, senta hafu, anapiga vichwa utadhani ana deni na hewa, mpaka jino la mtu likaruka. Wakesho akamhurumia mama aliyezaa watoto watatu akawapeleka wote reli, kisha akajihurumia mwenyewe, kwa kuwa katika orodha ya dhambi alizofundishwa kanisani haikuwamo ile ya kupenda ndugu watatu wa tumbo moja.

Siku aliyokutana na mmoja wao dukani, akijinunulia sabuni, Wakesho akapiga moyo konde.

"Samahani kaka. Yule ndugu yako golikipa hajambo?"

"Golikipa ni mimi."

"Basi yule winga."

"Ni mimi pia."

"Na yule wa katikati, aliyeng'olewa jino?"

"Ni mimi. Ila jino halikuwa langu, lilikuwa la yule mwenzangu." Akatabasamu kuonyesha meno yake yote yapo. "Dada, ulikuwa unatutafuta wote au mmoja wetu?"

Ndivyo Wakesho alivyomjua Danson Musyimi, Mkamba wa Kitui, fundi msaidizi wa mabehewa katika stesheni ya Voi. Na tangu siku hiyo kulikuwa na swali lililomkaa kama mwiba wa mchongoma. Kwa nini mtu mmoja awe watu wote hao? Alimwuliza mara kadhaa, naye kila mara alijibu kwa mzaha, swali likabaki palepale na mapenzi yakapita mbele.

Sasa ilikuwa Jumapili, na mzaha ulikuwa umefika mwisho. Klabu moja kubwa ya Mombasa ilikuwa imemtuma mtu kuja kumtazama Musyimi, na mtu huyo hakuhitaji kutazama sana. Kesho, Jumatatu, Musyimi alikuwa apande treni kwenda kulipwa kwa kucheza mpira. Kabla ya hapo alitaka neno moja tu kutoka kwa Mzee Obadiah Mwandawiro wa Mwanda, kule milimani, babake Wakesho. Bila neno hilo, Mombasa ingemchukua kijana, na milima ingembakiza binti, na kila mtu anajua vile mji ule unavyosahaulisha watu.

Basi Wakesho alikuwa nyumbani Mwanda tangu jana, akisaidiana na mamake, Mama Priscilla, kupika kimanga. Muhogo, ndizi na maharagwe vilikuwa vimepondwa pamoja mpaka mkono ukauma. Walikuwa wanangoja ugeni wa watu wawili: Musyimi, na Mzee Maundu, Mkamba mwenye heshima zake pale Voi, ambaye angekuwa mshenga. Mila ilikuwa hivyo. Bwana arusi hukaa kama kinyago, na mshenga ndiye husema.

"Hodi wenyewe."

Mzee Obadiah alitoka mlangoni akiwa na koti lake la kanisani. Alimtazama Musyimi, kisha akatazama nyuma ya Musyimi, kisha akatazama njia yote mpaka inapokata kona.

"Karibu. Mko wangapi?"

"Tuko wawili, Mzee. Ila mwili ni mmoja."

Ndani, Wakesho aliushika mwiko kwa mikono yote miwili.

"Mzee Maundu ameshikwa na homa," Musyimi aliendelea, kofia mkononi. "Anatetemeka mpaka kitanda kinatembea. Na mimi kesho nasafiri. Nikaona si vizuri niiache nafasi yake wazi."

"Kwa hivyo wewe ndiye mshenga."

"Ndiyo, Mzee."

"Na huyo bwana arusi?"

"Naye amekuja."

Mama Priscilla aliuma pindo la leso yake asicheke. Mzee Obadiah hakucheka. Alikuwa mtu wa utaratibu. Hata kuku wake walijua nani aingie bandani kwanza. Lakini mgeni ni mgeni. Akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake, akamwacha Musyimi amesimama katikati ya chumba.

"Haya, mshenga. Kijana wako ni mtu wa aina gani?"

"Kijana wetu ana heshima, Mzee. Halewi. Pia anasali, ingawa kwa sauti mbaya."

"Hiyo nitaisikia mwenyewe. Anafanya kazi gani?"

"Amekuwa fundi wa mabehewa. Kuanzia kesho atacheza mpira Mombasa."

"Baada ya kazi."

"Hiyo ndiyo kazi, Mzee. Wanamlipa."

"Wanamlipa kwa kupiga mateke."

"Ndiyo, Mzee."

"Pale Bomeni nilimjua punda aliyepiga mateke maisha yake yote. Hakulipwa hata siku moja." Akakunja miguu. "Usidhani mimi siujui mpira. Nilicheza shule ya misheni. Nilikuwa fulbeki, na nilisimama pale mpaka nikaoa. Huyu wako ni namba ngapi?"

Wakesho alitoka jikoni na bakuli la kimanga. Alijua jibu na aliliogopa. Alimtazama Musyimi kwa macho ya kumsihi: taja moja, yoyote ile.

"Zote, Mzee," Musyimi alisema, kwa kuwa alikuwa ameapa moyoni asidanganye katika nyumba ile.

"Zote."

"Anayekosekana, mimi husimama pake. Yaani, kijana wetu husimama pake."

"Mshika mbili, moja humponyoka. Wewe umeshika kumi na moja."

"Zikiponyoka kumi, Mzee, itabaki moja."

Hapo, na Wakesho aliliona kwa macho yake, upande mmoja wa masharubu ya Mzee ulitikisika. Ulikuwa mwanzo wa kicheko. Mama Priscilla naye aliuona, akawahi kabla haujapoa: "Mgeni amesimama kama nguzo ya simu. Mkaribishe akae ale, Mzee."

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Benchi la wageni lilikuwa karibu na mlango, limetandikwa kitambaa kilichofuliwa. Lakini juu yake Wakesho alikuwa ameweka sahani na vikombe, na ndiyo kwanza alikuwa anainama kuviondoa. Musyimi aliona benchi limejaa. Akaona, mkono wa kuume wa Mzee, kigoda kifupi cha miguu mitatu kilichong'arishwa na mafuta, kitupu. Popote palipokuwa na pengo miguu yake ilimpeleka bila kumwuliza. Akapita, akakaa.

Mama Priscilla alibaki na birika hewani.

"Inuka," Mzee Obadiah alisema kwa sauti ya chini sana.

Musyimi aliinuka.

"Hicho kina mwenyewe."

"Samahani, Mzee. Sikujua. Nitampisha akija."

"Haji."

Ilikuwa zamani kidogo, Wakesho akiwa mtoto wa kukimbiza vifaranga, kaka yake Fanuel alipoingia jeshi la Keya na kupelekwa vitani Bama, ng'ambo ya bahari. Hakurudi. Tangu siku ile kigoda chake kilifutwa vumbi kila Jumamosi na hakikukaliwa na mtu. Na Mama Priscilla, ambaye zamani alimwita mumewe Baba Fanuel, aliacha. Akawa anamwita Mzee, kama jirani.

"Mshenga," Mzee Obadiah alisema, amegeuza uso upande wa ukuta. "Mpelekee kijana wako jibu. Binti yangu hataolewa na mtu asiye na mahali pake. Leo yuko hapa, kesho pale, popote palipo wazi anakaa. Watu wa namna hiyo nawajua. Huenda zao."

Musyimi alimwinamia Mzee, akamwinamia Mama, akavaa kofia, akatoka. Kimanga kilikuwa bado kinafuka moshi.

Wakesho aliweka sahani chini. Hakuomba ruhusa. Alipofika mlangoni alisikia mamake nyuma yake, sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikitumika kwa babake.

"Huyu naye utamwacha aende na donge lako?"

"Nimekataa posa tu. Kukataa si donge."

"Unadanganya nani? Kigoda ndicho kilichokukasirisha. Ulimwacha Fanuel akashuka njia ile ile. Miaka yote hii unajiuliza usiku na mchana, nami nakusikia."

Wakesho akatoka mbio.

Mtu wa kule milimani hahitaji kuelezwa maneno yale, lakini mgeni aelezwe. Mzazi akiwa na hasira moyoni, hata aifiche vipi, hasira hiyo humfuata mtoto njiani na kumtega. Dawa yake ni kutasa: unachukua funda la pombe ya miwa, unasema wazi kilichokukaa moyoni, unalinyunyiza kwa mdomo, donge linatoka. Wazee wote walifanya hivyo kabla mtoto hajasafiri. Ila Mzee Obadiah alikuwa mtu wa kanisa, na kanisa lilisema hayo ni ya gizani.

Wakesho alimkuta Musyimi kwenye kona, chini ya migomba, anatembea polepole kama mtu asiye na lori la mboga la kuliwahi bondeni.

"Danson."

"Nisubiri kidogo, nina ujumbe," Musyimi alisema bila kugeuka. "Mshenga amepewa jibu. Sasa anafikiria atamwambiaje kijana."

"Atalipokea vipi?"

"Vibaya. Ni mtu wa moyo mwepesi, hujui tu. Mbele za watu anajikaza kisabuni."

Wakesho alimzunguka akasimama mbele yake, amzuie njia. Musyimi alikuwa na macho mekundu, huyu mtu aliyepiga vichwa bila kukunja uso.

"Nina swali kwa kijana wako," Wakesho alisema. "Na leo sitaki mzaha. Katika hizo namba zote, ni ipi anayoipenda yeye mwenyewe?"

Musyimi aliumeza mzaha uliokuwa tayari ulimini. Alivua kofia akaizungusha mikononi.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema mwishowe. "Huniuliza kama naweza. Nikisema naweza, hunipa jezi."

"Mimi nakuuliza."

"Golini."

"Golini? Lakini hawakuweki pale mara nyingi."

"Hawaniweki. Wanasema nikibaki golini napotea bure." Alitazama bonde, ambako barabara ilikuwa inaonekana na kupotea. "Wenzangu wote, Wakesho, filimbi ikilia hukimbia kwenda mbali na lango lao. Golikipa ndiye peke yake anayebaki nyumbani. Anawaona wakienda, anawaona wakirudi. Mimi mama yangu alifariki sijajua kutembea. Nimelelewa kwa shangazi, kwa mjomba, bwenini misheni. Kila nilipofika nilitazama kwanza ni nini kimepungua. Kama anayechota maji hayupo, nilichota. Kama mchunga mbuzi ni mgonjwa, nilichunga. Mtoto anayeziba pengo hafukuzwi. Sasa nimezoea, hata nikiona kigoda kitupu..." Akaikunja kofia. "Nimekalia kiti cha marehemu. Hata punda wa Bomeni asingefanya hivyo."

Wakesho alicheka, na palepale akalia, vyote viwili kwa pamoja, ambalo si jambo la kupendeza kwa mwalimu. Swali lililomchoma tangu Voi lilikuwa limepata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa linamuuma kuliko swali. Wale ndugu watatu aliowapenda walikuwa mtoto mmoja anayetafuta mlango wa kuingilia.

"Kwa nini hukumwambia Baba hivyo?"

"Mshenga hakuulizwa hilo."

Mtu akakohoa upande wa juu wa njia.

Mzee Obadiah alikuwa amesimama kwenye njia, mkono mmoja umeshika mgomba. Haikujulikana amefika lini, ila pumzi zake zilikuwa zimeshatulia, kwa hivyo haikuwa sasa hivi. Mkono wa pili ulibeba kikombe cha bati kinachofuka moshi. Nyuma yake, hatua chache juu, Mama Priscilla alikuja akishikilia leso kifuani.

"Msiondoke," Mzee alisema. "Simameni hapo hapo. Karibu karibu."

Walisimama. Alitazama ndani ya kikombe kwa muda, kama mtu anayesoma kilichoandikwa chini.

"Hii ni chai," alisema. "Mchungaji akiuliza, mtamwambia nilipaliwa."

Hakuna aliyethubutu kutabasamu.

"Mlungu," Mzee akaanza, akimwita Mungu kama wazee wake walivyomwita. "Mlungu, na ninyi mliotangulia. Donge lilikuwa hapa." Akagusa kifua. "Si la huyu. Huyu amelikalia tu bila kujua. Kijana wangu alisimama mahali hapa. Aliniomba funda moja. Nilimwambia mimi sasa ni mtu wa kanisa, sina mambo hayo, na kumbe nilikuwa na hasira tu kwamba anakwenda. Akashuka mkavu."

Mama Priscilla alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

"Sina hasira tena. Namkumbuka tu," Mzee alisema. "Na huyu asishuke mkavu."

Akapiga funda, akalishika mashavuni, akalipuliza. Chai ilitoka kama ukungu wa asubuhi wa Mwanda, ikatua juu ya shati jeupe la Musyimi, shati la pekee alilokuwa nalo, ikamtia madoa kuanzia kola mpaka vifungo. Kijana hakupepesa macho. Alisimama wima kama siku za penalti, mikono wazi kidogo, anapokea.

Mzee alijifuta masharubu. Aliporudi kusema alikuwa yule yule wa kawaida, mtu wa utaratibu.

"Sasa nisikilize. Huyo Maundu akipona, uje naye. Yeye ndiye atakayesema. Wewe utakaa kwenye benchi, mdomo umefungwa. Nafasi moja. Utaweza?"

"Nitajaribu, Mzee. Hiyo sijawahi kuicheza."

"Na huko Mombasa uwaambie wakuweke golini."

"Wakikataa?"

"Waambie mkweo ame..." Mzee Obadiah alisimama katikati ya neno kama mtu aliyekanyaga shimo. Alitazama mbingu, akatazama migomba, na migomba haikumsaidia. "Waambie kuna mzee mmoja wa Mwanda amesema hivyo."

"Nitawaambia vile ulivyosema mwanzo, Mzee."

"Lori litakuacha," Mzee alisema kwa ukali, na masharubu yakatikisika pande zote mbili.

Honi ililia kweli kutoka bondeni. Musyimi alimtazama Wakesho, na katika mtazamo ule hakukuwa na winga wala senta hafu, alikuwa yule wa Jumamosi ya kwanza. "Nitaona kila mtu akienda," alimwambia polepole, "halafu nitarudi." Kisha akashuka mbio, mabega yamelowa chai, na hata alipopotea kwenye kona ya chini walisikia mawe madogo yakimkimbilia nyuma.

"Baba Fanuel," Mama Priscilla aliita.

Mzee aligeuka pole pole sana. Miaka mingapi jina lile halikutamkwa katika mlima ule, hakuna aliyetaka kuhesabu.

"Turudi ndani. Kimanga kinapoa."

Walipanda, wawili mbele, bega kwa bega. Wakesho alibaki nyuma mpaka lori lilipoonekana chini kabisa, dogo kama kiberiti, na vumbi lake likatanda likatulia. Ndipo aliposikia kitu kikimteremka shavuni, akadhani ni chozi. Kilikuwa na ladha ya sukari. Funda la babake halikuwa limemfikia Musyimi peke yake.

Alinyanyua mkono apanguse, kisha akaushusha, akapanda nyumbani hivyo hivyo, hajajifuta.